Farasi Aliyejua Kila Bendera ya Pombe

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Naapa kwa mlima ninaouona dirishani. Na kwa kuwa mlima haubebeki, naweka rehani kitu kinachobebeka: farasi wangu. Atakayenikamata na uongo mmoja, hata uwe mwembamba wa kupita tundu la sindano, amchukue farasi huyo pamoja na tandiko lake. Mosotho hatanii juu ya farasi.

Basi ilikuwa Maseru, mji mkuu wetu hapa Lesotho, mwezi wa sita, sokoni karibu na kituo cha mabasi, saa ambayo moshi wa mahindi ya kuchoma na mvuke wa vinywa vya watu huwa kitu kimoja. Msichana mmoja alikuwa amesimama katikati ya njia, watu wakimpita huku na huku kama maji yanavyolipita jiwe. Alivaa viatu vya turubai, koti jepesi la rangi ya chungwa, na juu yake blanketi jipya la buluu lenye mistari. Nywele zake zilisukwa nyembamba nyembamba hadi mabegani. Alikuwa ameinua uso, mdomo wazi, akiangalia milima nyuma ya paa za maduka.

"Samahani, ntate," sauti ikasema nyuma yake. "Ntate, unakanyaga waya wangu."

Msichana hakugeuka. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwita ntate, jina tunalomwita mwanamume mwenye heshima zake.

"Wewe ntate mwenye nywele nzuri. Waya."

Akageuka. Kijana mrefu alikuwa ameinama nyuma yake, bunda la waya begani, kofia ngumu ya kazini kichwani, blanketi la kahawia juu ya suruali ya fundi.

"Mimi si ntate."

"Blanketi lako linasema wewe ni ntate. Tena ntate mwenye mke na ng'ombe. Umelibana bega la kulia. Ausi, yaani dada, hubana hapa." Akajionyesha kifuani kwake mwenyewe, kwa adabu.

Mama aliyekuwa akikaanga maandazi kando yao akacheka hadi kijiko kikamponyoka. "Mwache baba wa watu, abuti, kaka yangu. Labda amekuja kutafuta mke."

"Basi amechelewa, wake wazuri wameshaisha," kijana akasema. "Unaitwa nani, ausi?"

"Sethunya."

Kijana akamtazama mama wa maandazi, mama wa maandazi akamtazama kijana.

"Wazazi wako walikuita Bunduki?"

"Kwetu Botswana ni ua."

"Huku ni bunduki. Askari wa mpakani walikuachaje ukapita?"

Msichana alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka, na alipocheka pini yake nyembamba, iliyokuwa imeshapinda, ikafyatuka na blanketi likaanguka. Kijana aliliokota, akalikung'uta vumbi, kisha akachomoa pini yake mwenyewe, ile kubwa ya chuma ambayo mtu huirithi, akambania blanketi kifuani bila kumgusa hata kwa ncha ya kidole. Lake akalifunga kwa kipande cha waya.

"Mimi Moeketsi. Natengeneza minara ya simu milimani. Ukipata mtandao huko uendako, jua ni mkono wangu. Ukiukosa, ni mvua."

"Na pini yako?"

"Nitakuja kuidai."

Ndivyo walivyoanza. Mama wa maandazi ni shahidi, yupo hadi leo.

Sethunya alitoka Maun, na alikuja na vijana wenzake wanane wa nchi jirani, wote wanagenzi wa kujitolea. Walikuwa wafunzwe miezi mitatu, kisha wapelekwe kwenye zahanati za milimani, kupima watoto uzito na kubeba chanjo mahali ambapo gari hukata tamaa. Mkufunzi wao, 'M'e Khauhelo, yaani Mama Khauhelo, alikuwa mwanamke mfupi mwenye daftari refu. Sheria zake zilikuwa tatu: kuchelewa, uongo na pombe. Ukiguswa na moja mara mbili, basi la kwenu linakusubiri.

Sethunya alipangiwa kukaa kijiji cha Ha Motlepu, mwendo wa saa tatu kwa farasi kutoka barabara ya lami, kwa 'M'e 'Malineo na mumewe. 'M'e 'Malineo alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Mumewe alikuwa mzee mwema, mpole, mwenye sura nzuri hata uzeeni, mpenda chai.

Kila alfajiri Sethunya aliamka akavunja barafu ndani ya ndoo kwa kisigino cha kiatu, akachemsha maji, akala uji, akatoka nje, na kila alfajiri akasimama palepale mlangoni akasahau alichokuwa akienda kufanya. Kwao Maun nchi imelala chali. Ukipanda juu ya pipa unaiona kesho ikija. Huku nchi imesimama wima. Mlima nyuma ya mlima, na nyuma yake mwingine wa buluu, na nyuma ya huo mwingine ambao hujui kama ni mlima au ni mawazo yako. Jua likiwaka juu ya kilele cha kwanza, mabonde bado yanalala gizani, na moshi wa nyumba moja ya mbali unapanda ukiwa umenyooka kama uzi unaoshikilia mbingu.

"Umesimama nini, binti?" 'M'e 'Malineo aliuliza siku ya kwanza.

"Nani aliviweka hivi vyote, 'm'e?"

"Sijui. Lakini hakumaliza kufagia. Shika ufagio."

Simu kijijini ilishika mahali pamoja tu, juu ya mwamba uliokuwa nyuma ya zizi la mtu. Jioni watu walipanga foleni chini yake. Kila aliyepanda aliongea na mtu wake, na waliobaki chini waliongea na wote wawili.

"Bunduki yangu," Moeketsi alianza siku zote. "Umekula?"

"Nimekula. Ugali na mboga."

"Tena?"

"Kwani huku kuna kingine? Leo nimepima watoto kumi na mmoja. Mmoja amenikojolea."

"Mwenye bahati."

"Moeketsi, kuna watu chini wananisikia."

"Mwambie nasi tumemsalimia!" bibi mmoja alipaza sauti kutoka kwenye foleni. "Mwambie mtandao wa jana ulikuwa na mafua!"

Jumamosi walizoruhusiwa kwenda mjini, Moeketsi alimsubiri barabara kuu akiwa amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likaogopesha. Walitembea mitaa yote ya Maseru, kwa sababu kukaa kulikuwa baridi. Walikula mahindi ya kuchoma, wakagombana nani amepewa kubwa, wakabadilishana. Siku moja alimpandisha kilima kilicho juu ya mji akamwonyesha mnara mmoja mbali, mwembamba kama sindano.

"Sauti yako hupita pale kabla ya kunifikia," alisema. "Siku nikipanda juu yake naweka mkono kwenye chuma. Najua ni ujinga."

"Chuma kinasemaje?"

"Kinasema ni baridi, shuka."

Sethunya alicheka. Pini ilikuwa kifuani pake. Alishaelewa kwamba hataki kuirudisha.

Mwezi wa pili wa mafunzo Moeketsi alipiga simu sauti yake ikiwa imenyooka. "Mama anataka kukuona. Jumamosi. Anatoka mkutano wa akina mama wa kanisa, basi lake litasimama pale njia yenu inapokutana na lami. Saa sita. Atashuka kwa ajili yako, kisha atapanda basi la saa tisa."

"Anapenda nini?"

"Watu wanaofika saa sita. Na, mpenzi..." Akasita. "Baba yangu pombe ilimmaliza. Mama hawezi hata kupita karibu na bendera nyeupe ya pombe. Sijui kwa nini nakuambia, maana wewe huonji. Nakuambia tu."

"Mwambie nitakuwepo saa sita," Sethunya akasema. Na foleni yote chini ya mwamba ikaitikia kwamba atakuwepo.

Sasa, farasi wa wanagenzi, ambaye Sethunya alijifunzia kupanda, alikuwa anachechemea wiki hiyo. Mume wa 'M'e 'Malineo akamwazima wake, aitwaye Lebelo, maana yake Mbio. Farasi mweusi, shingo nene, macho ya mzee wa baraza. Mwenyewe, maskini, hakujua lolote juu ya tabia za mnyama huyo. Inasemekana mtu wa Mokhotlong aliyemuuzia ndiye aliyemharibu.

Sethunya aliondoka saa mbili na nusu asubuhi. Alivaa gauni jekundu la mikono mirefu, soksi nzito, blanketi limebanwa panapostahili. Nusu saa ya kwanza Lebelo alikwenda kama jina lake. Kisha wakafika kwenye nyumba yenye mti mrefu na kitambaa cheupe juu yake, ishara kwamba pombe ya mtama imeiva. Lebelo akakata kona, akaingia uani, akasimama.

Sethunya alivuta hatamu. Akapiga visigino. Akashuka akavuta kwa mbele, akasukuma kwa nyuma. Lebelo akakaa kitako kama mbwa.

"Huyo hatoki, ausi," mmoja wa waliokuwa wakinywa alisema. "Mpaka anywe."

"Farasi anakunywa?"

"Wewe. Wewe ndiye uliyempanda."

"Mimi sinywi."

"Sisi tumekuelewa. Mwambie yeye."

Alipewa kikombe cha bati. Akamwaga kidogo chini kwa hila, akajifuta mdomo, akapanda. Lebelo akageuza shingo, akanyoosha pua ndefu, akamnusa mdomo. Kisha akakaa kitako tena.

Wanaume walicheka hadi mmoja akakumbatia mti wa bendera. Sethunya akatazama jua. Kumwacha farasi wa watu kwenye nyumba ya pombe na kwenda kwa miguu asingeweza. Alikuwa farasi pekee wa wenyeji wake. Akafumba macho, akanywa, akagonga kikombe chini. Lebelo akasikia mlio wa bati, akanusa, akaridhika, akaondoka kwa kasi ya kupendeza hadi kwenye bendera ya pili.

Zilikuwa tano. Kwenye ya tatu aliomba kikombe kabla farasi hajasimama, ili kuokoa wakati. Kwenye ya nne mtu alimmwagia blanketi. Kwenye ya tano alilia, na mama mwenye nyumba akamfuta machozi, akamjazia kikombe kwa huruma hadi juu.

Alifika kwenye lami saa tisa kasorobo. Basi lilikuwa limeshawasha injini. Moeketsi alisimama barabarani akiwa na shati lake jeupe. Kando yake mama mmoja mrefu, sketi nyeusi, blauzi nyekundu yenye kola nyeupe iliyotiwa wanga, mkoba umeshikwa kwa mikono miwili. Huyo ndiye 'M'e 'Mamoeketsi.

Sethunya alishuka upande usiofaa. Aliikuta ardhi iko karibu kuliko alivyodhani. Alijinyoosha, akainamisha kichwa kwa heshima yote aliyofundishwa, na akasema kwa sauti iliyo wazi:

"Amani kwako, ntate."

'M'e 'Mamoeketsi alimtazama. Akavuta hewa puani mara moja. "Amani, binti," akajibu, akapanda basi.

Moeketsi alimtazama mama yake akikaa dirishani, uso mbele. Alipomgeukia Sethunya macho yake yalikuwa ya mtoto wa mlevi.

"Nilikuambia kitu kimoja tu."

"Ni farasi," Sethunya akasema. "Farasi anasimama kwenye kila bendera, haondoki mpaka ninywe. Ananinusa mdomo."

"Farasi."

"Ni kweli, Moeketsi."

"Baba yangu pia alikuwa na sababu. Lakini hata yeye hakuwahi kumsingizia farasi."

Siku mbili baadaye alipiga simu, na Sethunya alipanda mwamba. Foleni ilisogea karibu zaidi na mwamba.

"Niambie tu ukweli," Moeketsi alisema. "Ukiniambia ukweli nitamkabili mama. Sema ulikuwa na hofu, ukapita mahali ukanywa ili uchangamke. Nitaelewa."

"Unataka niseme uongo ndipo uniamini?"

"Nataka uache kunichezea."

"Nimekuambia ilivyokuwa. Nikiongeza neno nitakuwa nimedanganya."

"Basi nirudishie pini ya babu yangu," Moeketsi alisema taratibu. "Mpe mtu yeyote anayekuja mjini."

Bibi wa foleni, ambaye siku zote alikuwa na salamu, hakutuma salamu. Sethunya aliifungua pini pale pale juu ya mwamba, akaifunga ndani ya leso, akampa mtu wa foleni aliyekuwa akienda mjini. Tangu siku ile blanketi alilishika kwa mkono. 'M'e Khauhelo naye alikuwa amesikia, kwa sababu milima ina masikio. Aliandika mstari mmoja kwenye daftari refu. "Hiyo ni ya kwanza," alisema. "Mtihani wako ni mwezi wa nane. Ukikosea tena, Maun."

Mtihani wenyewe ulikuwa huu: kuvuka peke yake mlima ulio juu ya kijiji na sanduku la chanjo, kufika zahanati ya upande wa pili kabla jua halijazama, akiwa timamu, na chanjo ikiwa timamu. Farasi wa wanagenzi alikuwa bado anachechemea. Akabaki Lebelo.

"Njia ya mlimani ina bendera ngapi?" Sethunya aliuliza asubuhi ile.

"Hakuna hata moja," mume wa 'M'e 'Malineo alisema, akanywa chai yake.

Alipanda. Saa ya kwanza mbingu ilikuwa buluu. Saa ya pili ikawa kijivu, upepo ukanyamaza, na kitu kidogo cheupe kikamtua kwenye mkono. Alidhani ni unyoya. Kikamtua kingine kwenye kope. Akatazama juu, na mbingu yote ilikuwa inashuka taratibu, vipande vipande, bila sauti. Mvua hupiga kelele, hata umande una mlio wake kwenye majani, lakini hii ilikuja kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Sethunya alisimamisha farasi akatoa ulimi nje kama mtoto. Alicheka peke yake. Kisha akatazama njia, na njia haikuwepo.

Hakukuwa na mlima, bonde, wala masikio ya farasi wake mwenyewe. Weupe mtupu, na yeye ndani yake kama wino ambao haujaandikwa. Alifungua simu: mtandao hakuna. Alijua kwamba upande mmoja wa njia ile kuna genge ambalo jiwe likitupwa unahesabu hadi nne kabla ya kulisikia, na hakujua ni upande upi.

Akalegeza hatamu. "Lebelo," alisema, "umenikosesha mume. Usinikoseshe na roho. Nenda unakojua wewe."

Lebelo alisimama kidogo kama anayewaza. Akanusa hewa. Kisha akageuka, akaanza kwenda, na Sethunya akautambua mwendo ule: ule mwendo wa furaha, shingo mbele, mkia juu. Hata katika hofu yake alijikuta akisema, "Hapana. Hata huku?"

Walikwenda muda asioweza kuupima. Lebelo akakata kona, akaingia mahali, akasimama. Ukuta wa mawe ukatokea katika weupe, kisha mlango, kisha mti mrefu, na juu ya mti kitambaa cheupe, cheupe ndani ya theluji nyeupe, ambacho hakuna jicho la mwanadamu ambalo lingekiona.

Mwenye nyumba, 'M'e 'Manapo, mjane mnene mwenye kicheko, alifungua mlango. Nyuma yake, kando ya moto, mtu aliyejifunika blanketi la kahawia lililofungwa kwa waya aliinuka.

"Bunduki?" alisema.

Mnara wa mlimani ulikuwa umeganda tangu jana. Moeketsi alipanda kuugonga barafu, theluji ikamkuta, akabahatika kuangukia ukuta wa 'M'e 'Manapo. Alikuwa ameketi pale tangu asubuhi akijiambia kwamba Sethunya yuko kijijini salama. Sasa alimkung'uta theluji mabegani.

"Umefikaje hapa? Hapa hapafikiki."

"Sikufika mimi," Sethunya alisema, meno yakigongana. "Muulize aliyenileta."

'M'e 'Manapo alichungulia nje. "Ah, Lebelo. Nilijua tu. Huyo hata dunia ikiisha atakuja kuuliza kama imeiva."

Moeketsi alimgeukia taratibu. "'M'e, unamjua farasi huyu?"

"Nani hamjui? Haondoki mpaka aliyempanda anywe. Ana pua huyo, hadanganyiki. Wageni wote huwa tunawaonya. Kwani ausi hakuonywa?"

Moeketsi alikaa chini. Alifunika uso kwa viganja viwili.

"Nimekuita mwongo," alisema ndani ya viganja.

"Mbele ya foleni nzima," Sethunya akasema.

"Mbele ya foleni nzima."

"Na bibi hakunisalimia wiki tatu."

Mtu akicheka na kulia kwa wakati mmoja hutoa sauti ya punda. Wote wawili waliitoa.

Theluji ilikatika saa saba. Walipofungua mlango wote walisimama kizingitini, hata 'M'e 'Manapo aliyezaliwa pale. Jua lilikuwa limetoka. Milima yote, mmoja nyuma ya mwingine hadi pale macho yanapochoka, ilikuwa imevikwa blanketi moja jeupe lisilo na mshono. Bonde lilikuwa limejaa mwanga kama bakuli la maziwa. Ndege mmoja mkubwa aliruka juu yake, na kivuli chake kilikuwa kitu pekee cheusi duniani. Sethunya alishika mkono wa Moeketsi, si kwa mapenzi, bali kwa kuwa mtu akiona kitu kama kile hutafuta cha kushika.

"Huwa mnaonaje hivi," alinong'ona, "kisha mkaenda kufanya kazi?"

"Hatuoni," Moeketsi akasema. "Leo ndiyo nimeona."

Lakini sanduku la chanjo lilikuwa na safari, na Lebelo alikuwa amekaa kitako.

"Siwezi kunywa," Sethunya alisema. "'M'e Khauhelo ananisubiri zahanati. Nikinuka nimekwisha."

Moeketsi, ambaye alikuwa hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe, alimtazama farasi. Kisha akampanda, akanyoosha mkono. 'M'e 'Manapo akampa kikombe. Alikunywa kama anayekunywa dawa ya minyoo, akagonga bati ukutani. Lebelo akageuza shingo, akamnusa, akamnusa tena, akainuka. Sethunya alishika hatamu, akatangulia kwa miguu ndani ya theluji, sanduku mgongoni.

Walifika zahanati jua likiwa bado juu ya kilele kwa urefu wa kiganja. 'M'e Khauhelo alisimama mlangoni na daftari. Alimnusa Sethunya, akaandika. Kisha akamtazama kijana aliyekuwa juu ya farasi akiuimbia mlima.

"Huyu ni nani?"

"Ni fundi wa minara, 'm'e."

"Sasa naelewa kwa nini mtandao hushikwa na mafua."

Habari ilimfikia 'M'e 'Mamoeketsi, naye akasema hakuna farasi wa namna hiyo duniani, na kama yupo aletwe. Jumapili, baada ya ibada, akaletewa pale barabarani. Alimpanda mwenyewe, blauzi nyekundu, kola ya wanga, mkoba mkononi. "Nitakwenda hadi kwenye ule mti na kurudi," alisema. Kati yake na ule mti kulikuwa na nyumba moja, na juu ya nyumba hiyo kitambaa cheupe.

Aliketi pale uani saa moja na nusu juu ya mgongo wa Lebelo. Akina mama wa kanisa walipita wawili wawili wakienda makwao. Kila walipopita walisalimia, naye alijibu kama mtu aliyeketi sebuleni kwake. Aliimba nyimbo tatu za dini. Aliomba. Alimkemea farasi kwa majina ya manabii. Hatimaye alivua glavu moja, akanyoosha mkono bila kumtazama mtu, akapokea kikombe, akakimaliza, akakigonga. Lebelo alimnusa, akaondoka kwa heshima.

Alirudi hadi kwa Sethunya. Alishuka upande usiofaa.

"Ulikunywa vingapi siku ile?"

"Vitano, 'm'e."

"Na ukaja."

"Nilikuwa nimesema nitakuja."

'M'e 'Mamoeketsi alilishika blanketi la buluu ambalo msichana alikuwa amelikamata kwa mkono. "Mimi kimoja tu," alisema, "nimeona barabara imezaa pacha." Akatoa mkobani leso, ndani ya leso pini kubwa ya chuma, akambania kifuani, taratibu, maana mkono haukuwa na uhakika sana. "Nitawatuma wajomba Maun kuomba uchumba. Waende kwa basi. Farasi huyu asiwaone."

Moeketsi alikuwa nyuma yake, akijifuta macho kwa shati lililopigwa pasi.

Nilipofika hapo nilimsomea mke wangu yote. Alisikiliza akimenya viazi.

"Nzuri," alisema. "Huyo mume wa 'M'e 'Malineo, mzee mzuri wa sura. Ndiye anayependa chai?"

"Ndiye."

"Na farasi aliharibiwa na mtu wa Mokhotlong aliyemuuza?"

"Inasemekana."

"Ntate," alisema 'M'e 'Malineo, akaweka kisu chini. "Lebelo alizaliwa kwenye zizi letu. Nilimlea kwa chupa, mama yake alipokufa. Hajawahi kuwa na mwenyewe mwingine zaidi yako. Miaka minane uliniambia unakwenda kwenye baraza la chifu. Na wiki zile tatu, yule binti akilia kwenye kitanda changu, neno moja lako lingetosha. Ulinyamaza, ili nisijue."

Nilitazama mlima dirishani. Haukunisaidia.

Basi nimelipa. Jana nilimpeleka Lebelo kwa Moeketsi na Sethunya, pamoja na tandiko, na nikamwomba binti msamaha nikiwa nimevua kofia. Alinisamehe, akanichemshia chai, kikombe kikubwa, akasimama hadi nikakimaliza. Nilirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa tano, na nikazipita bendera zote tano bila kusimama hata moja.

Hilo nalo naapa ni kweli. Ila farasi wa kuweka rehani sina tena.